Povu la Kisima cha Kanisani

Arek ndiye aliyegundua kwanza. Alimpa mumewe chai, mumewe akaionja, wakatazamana. Chai ilikuwa na harufu ya lori.

Kisima chao kilikuwa nyuma ya kanisa, kisima kifupi ambacho Wasudani walikichimba kwa mikono yao wenyewe, zamani kambi ya wakimbizi ya Kakuma ilipokuwa bado turubai na vumbi. Hakikuwa na maji mengi, lakini kilikuwa karibu, na mwanamke angeweza kuchota na kurudi kabla uji haujachemka. Hatua chache kutoka hapo kontrakta mmoja aliyekuja kujenga maghala aliweka jenereta yake. Tangi la dizeli lilivuja taratibu, mwezi baada ya mwezi, na alipomaliza kazi akabeba jenereta, akabeba na tangi, akawaachia weusi mchangani. Weusi ule ulishuka wenyewe hadi majini.

Shirika lililohusika na maji likamtuma mhandisi wake kutoka Lodwar, kijana mnene mpole aliyeitwa Omollo. Alinusa ndoo, akakunja uso, akakifunga kisima kwa mbao na waya. Akasema kitajazwa saruji kabla mtoto wa mtu hajanywa akafa.

"Hakuna njia ya kukisafisha?" Thon, mume wa Arek, alimuuliza.

"Mzee, mafuta yameshika mchanga mpaka chini. Utauosha na nini? Na Omo?"

Watu wakacheka, na Thon naye akacheka ili asionekane mjinga.

Tangu siku hiyo Arek akawa anakwenda kwenye bomba la upande wa pili wa kambi. Foleni ya huko ilikuwa ya wanawake peke yao. Wanaume walikatazwa na walinzi baada ya fujo fulani, na Thon alipojaribu kusimama na mtungi wake wanawake walimzomea hadi akaondoka. Halafu siku moja foleni ikasukumana, Arek akaanguka juu ya mtungi, kifundo cha mkono kikavunjika. Zahanati ya kambi ilimfunga plasta. Ilipotolewa, mkono ulikuwa umeunga kombo, umepinda kama kijiti kilichokauka kwenye jua. Akaendelea kubeba kwa mkono mwingine.

Thon alikuwa mtu wa maombi. Aliomba kabla ya kula, kabla ya kutoka na baada ya kurudi, na majirani walimtania kwamba Mungu akisikia sauti yake hujua ni saa ngapi Kakuma. Lakini tangu mkono wa mkewe upinde, maombi yake yote yalikuwa yamekwisha, limebaki moja. Kisima kifunguliwe.

Alikuwa amekaribia miaka arobaini, na kila jioni alikwenda darasani pamoja na vijana ambao angeweza kuwazaa. Vita vilimkuta darasa la sita, akaacha kalamu. Sasa aliketi juu ya bati tupu la mafuta ya msaada, magoti yakimfika kifuani, akinakili kila kitu, hata mizaha ya mwalimu. Mwalimu wa biolojia alikuwa Wasike, mtu wa Bungoma aliyepelekwa Turkana na serikali na aliyependa kusema kwamba hakuna dhambi aliyoitenda ya kustahili joto lile.

Jioni moja Wasike alikuwa akifundisha habari za bakteria. Akasema wapo wanaokula maziwa, wapo wanaokula mizoga, na wapo hata wanaokula mafuta.

"Mafuta hayachanganyiki na maji, si ndiyo? Sasa bakteria huyu, maskini, anakaa kwenye maji na chakula chake kiko kwenye mafuta. Afanye nini? Anatengeneza kitu chake mwenyewe, kama sabuni, kinakata yale mafuta vipandevipande, halafu anakula. Huko Ulaya wanawachachusha kwenye mapipa, wanavuna hiyo sabuni, wanaoshea mchanga wa baharini meli ikimwaga mafuta."

Thon akainua mkono. "Mwalimu. Hao wanapatikana wapi?"

"Mahali palipomwagika mafuta siku nyingi."

Darasa likaendelea na somo. Thon hakuendelea. Asubuhi yake alipiga magoti pale penye weusi wa kontrakta, akaomba, kisha akachota udongo kwa kijiko.

Mwanzo ulikuwa wa aibu tupu. Alitia udongo kwenye bati la maji, akaongeza maji ya kunde na kijiko cha mafuta ya kupikia, akangoja. Kikatoka kitu kinachonuka kama kuku aliyesahauliwa. Majirani wakalalamika. Wasike alipokuja kuangalia alifunika pua kwa leso, lakini hakucheka.

"Hawapumui," alisema. "Hawa wanataka hewa. Wapigie pampu."

Thon akaazima pampu ya baiskeli, akatoboa mpira, akaupeleka hadi chini ya bati, akawa anapuliza kwa zamu na mwanawe Abul. Na povu likaja. Lilikuwa jeupe na zito, likapanda hadi mdomo wa bati, likamwagika chini. Thon akaogopa kupoteza kila kitu, akawa anatia mafuta juu kulituliza. Ikamchukua muda mrefu kuelewa kwamba alichokuwa akikituliza ndicho alichokitafuta. Ile sabuni ilikuwa inapanda yenyewe na povu. Akaacha kupigana nalo. Akaweka karai chini, likimwagika analikinga, likitulia linakuwa maji mazito ya rangi ya asali. Akachukua mchanga mweusi wa kontrakta kwenye kikombe, akaumiminia maji yale, akatikisa. Mafuta yakaachia mchanga, yakaelea juu kama kitambaa, na chini mchanga ukabaki na rangi ambayo Mungu aliupa.

Alimwita Arek aje aone. Arek aliangalia kikombe.

"Kikombe kimoja," alisema. "Kisima kina vikombe vingapi, Baba Abul?"

Hilo ndilo lilikuwa tatizo. Bati zima lilitoa povu la kujaza gilasi.

Mafuta waliyapata kwa Ruot, jirani Mnueri aliyekaanga mandazi na kuwaachia yale yaliyokwisha kuungua. Thon akidhani anawatendea wema, akawa anawajazia bakteria wake maji ya kunde ili washibe. Walishiba kweli. Walinenepa, maji yakawa mazito kama uji, na povu likapungua. Wasike alikwenda akasoma vitabu vyake vya chuo, akarudi na jibu ambalo yeye mwenyewe hakulipenda.

"Punguza kunde. Wape mafuta ya kutosha, lakini kunde wanyime. Wakikosa kile cha kujengea mwili hawawezi kuzaana, basi nguvu zote wanaziweka kwenye kutoa sabuni."

Ruot alikuwa amesimama mlangoni na sufuria yake. "Yaani wakishindishwa njaa ndiyo wanafanya kazi?"

"Njaa ya kitu kimoja tu."

"Basi nimeelewa kwa nini wametupunguzia mgao," Ruot akasema. "Wanangoja sisi pia tutoe povu."

Walicheka hadi Wasike akakohoa. Lakini walifanya hivyo, na povu likaongezeka hata wakahitaji karai la pili.

Habari zilimfikia mhandisi Omollo. Alipokuja tena aliangalia kikombe cha mchanga, akakigeuza kwenye mwanga, akaacha mizaha yake. Aliwaambia ukweli wote. Saruji ilikuwa imekwisha agizwa, na kisima kilikuwa kijazwe mwisho wa mwezi uliofuata. Lakini kama wangekuja Lodwar kwenye kamati yake na kuonyesha jambo lile mbele ya watu, yeye angeomba saruji isubiri, na wakirudi na mapipa ya kutosha, kisima kingeoshwa na kufunguliwa.

"Sharti moja," alisema. "Mtu wa afya yuko kwenye kamati. Msilete wadudu walio hai. Chemsheni kwanza."

"Sabuni yao haiharibiki kwa moto," Wasike alisema.

"Vizuri. Basi chemsheni."

Sasa ilibaki kutunza mbegu. Wasike alimwonya Thon kwamba mabati yanaweza kuharibika wakati wowote, hivyo lazima pawe na mbegu iliyo kando, tulivu, mahali penye ubaridi. Nyumba ya Thon ilikuwa ya mabati na turubai, na mchana ilikuwa tanuri. Mahali pa baridi alipopajua ni kwa Akal.

Akal alikuwa mama wa Kiturkana aliyeishi ukingoni mwa kambi, ng'ambo ya korongo la Tarach. Alileta mkaa na maziwa, akaondoka na mahindi. Wakimbizi wengine na wenyeji waligombana mara kwa mara, lakini yeye na Arek walikuwa wamezoeana tangu watoto wao, Abul na Ekal, wakiwa mgongoni, na mbuzi wake walikuwa wakinywa maji ya kumwagika ya kisima cha kanisani. Alikipenda kisima kile kama wao.

"Ejok, Baba Abul," alimpokea. "Umekonda kama fimbo yangu."

"Ejok, Mama Ekal. Nina mzigo nataka uniwekee kwa nyumba yako."

Akal akanusa. "Hii ni nini? Imekufa?"

Thon alisita. Alijua Waturkana ni watu wa usafi wa vyombo kupita maelezo, na akaogopa kwamba akisema ni wadudu, mama huyu atakimwaga kilichomo mbele yake.

"Ni dawa," alisema. "Dawa ya kisima."

Akal akaingia ndani, akatoka na elepit, kile chombo cha mbao cha kukamulia maziwa, cheusi kwa uzee na laini kwa mafuta. Kilikuwa cha mama yake. Akasema dawa ya kisima haiwezi kukaa kwenye bati la kutu kama chakula cha mbwa. Wakaimimina humo, akaifunika kwa ngozi, akaiweka upande wa kivuli. Kila Thon alipopita kuchukua kidogo aliikuta imetulia vizuri, na Akal akijipepea na kumuuliza ni lini atamtolea ule uvundo nyumbani kwake.

"Karibuni hivi, Mama Ekal. Kisima kikifunguka."

Siku ya safari ilipokaribia, Thon alivuna mabati yote na kuchemsha kila kitu. Wasike alimwambia aache walau bati moja bichi.

"Mbegu iko kwa Akal," Thon akajibu. "Sitaki mtu wa afya apate la kusema."

Alichemsha mpaka masufuria. Alikuwa na furaha kama mtu anayefua nguo za sikukuu.

Vibali vya kutoka kambini vilichelewa, msafara wa polisi wa kusindikiza magari ukachelewa zaidi, lakini walifika Lodwar. Kamati ilikaa kwenye chumba chenye feni moja. Walizungumza Kiingereza, na Thon alielewa sehemu tu, lakini Omollo alipomwashiria alisimama, akaomba kimoyomoyo, akamimina maji yake ya rangi ya asali kwenye chupa yenye mchanga mweusi wa Kakuma, akatikisa. Mafuta yakapanda. Mchanga ukashuka safi.

Wakapiga makofi. Mtu wa afya aliuliza kama ni hai, Thon akasema hapana, bwana, nimeichemsha yote, na mtu wa afya akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Omollo akaiweka ile chupa juu ya kabati lake. Saruji ingeletwa tarehe ileile ya mwisho wa mwezi, lakini povu la kutosha likifika kabla yake, kisima kingeoshwa badala ya kujazwa. Omollo, kwa kuonyesha nia njema, akachukua redio ya ofisi palepale, akawaagiza watu wake wa Kakuma waanze kutayarisha mahali.

Thon na Wasike walikaa Lodwar wakingoja msafara wa kurudi. Thon alikwenda kanisani kila jioni, akatoa shukrani mpaka sauti ikakauka. Ruot, aliyekuwa amekuja kutafuta unga wa mandazi, aliwahi kupata nafasi kwenye lori, akatangulia na habari.

Waliposhuka Kakuma, Akal alikuwa akiwangoja kando ya kanisa. Alikuwa amejipaka mafuta, amevaa shanga zake zote, na Arek alikuwa pembeni yake akicheka, jambo ambalo Thon hakuwa ameliona kwa miezi. Mikononi mwake Akal alishika elepit.

"Nimesikia wakubwa wa Lodwar wamekupigia makofi," alisema. "Kunywa, Baba Abul. Ni ya mbuzi wangu mwenyewe. Wewe kwanza."

Thon alipokea kwa mikono miwili. Alikuwa na kiu ya njia nzima. Akanywa, maziwa yakawa matamu na ya baridi, na nyuma ya utamu kukawa na ladha ya moshi. Akanywa tena. Moshi wa mti mzuri, uleule ambao wanawake wa Kiturkana hutia ndani ya chombo cha maziwa, kaa la moto likizungushwa na kuzungushwa mpaka hakuna kitu kinachooza kinachoweza kubaki humo.

Akashusha chombo. Akakitazama kwa nje, kile cheusi laini. Akakitazama ndani.

"Mama Ekal," alisema polepole. "Ile dawa iko wapi?"

"Dawa si imefanya kazi? Ruot amesema wameona wote, wamepiga makofi. Nikamwaga. Nikasugua na mchanga, nikachoma ndani na makaa. Nimechoma mara nyingi, ile harufu ilikuwa mbaya sana. Sasa iko safi. Unaona ni safi?"

Wasike aligeuka akatazama Tarach, korongo lisilo na tone la maji. Arek alikuwa bado na mabaki ya kicheko usoni, hajui ayaweke wapi.

"Ilikuwa hai," Thon alisema. "Mama, ile ilikuwa mbegu. Ilikuwa hai."

Akal akasema, bila hasira, kama mtu anayehesabu mbuzi wake na kukuta mmoja hayupo, "Uliniambia dawa. Dawa ikifanya kazi inakwisha. Hukuniambia iko hai. Ungeniambia iko hai ningeilisha."

Thon akamrudishia elepit yake.

Alikimbia nyuma ya kanisa na kijiko chake. Udongo mweusi haukuwepo. Watu wa shirika walikuwa wameparua kila mahali penye weusi, wakajaza kwenye lori, wakaumwaga mbali, wakautia moto. Mahali pale palikuwa pamefagiwa vizuri, pana alama za ufagio. Kijana mmoja wa shirika alimwambia kwa fahari kwamba wametayarisha mahali, kama mhandisi alivyoagiza kwa redio.

"Mbona umechoma?"

"Dizeli, mzee. Ilikuwa inawaka vizuri sana."

Alijaribu. Alifungua waya wa kisima, akatoa mchanga wa chini, akautia kwenye mabati, akapuliza pampu mchana na usiku. Kikatoka uvundo bila povu. Akanyima kunde, akaongeza kunde, akabadilisha mafuta. Alikwenda na Wasike walikomwaga ule udongo, wakakuta majivu na mawe yaliyopasuka. Waliandika Lodwar wakiomba ile chupa ya kwenye kabati. Omollo akawatumia kidogo kwa dereva. Ilikuwa inatoa povu vizuri mno ukiitikisa. Lakini ilikuwa imechemshwa, na Thon mwenyewe ndiye aliyeichemsha, kwa uaminifu, hadi masufuria.

"Tutawapata wengine," Wasike alisema. "Wako duniani, hawa bakteria. Tatizo ni kuwapata wale wenye bidii kama wale."

"Lini, Mwalimu?"

Mwisho wa mwezi ulikuwa umefika.

Omollo alikuja mwenyewe na lori la saruji. Alisimama na Thon kivulini, akavua kofia.

"Nilikutetea mbele ya kamati," alisema. "Sasa wananiuliza povu liko wapi. Niwaambie nini? Niwaambie mama mmoja ameosha chombo?"

"Usiwaambie hivyo," Thon alisema. "Sema mimi nimeshindwa."

Wakajaza. Ilichukua muda mfupi kuliko mtu angedhani. Watoto walisogea wakaandika herufi za majina yao kwenye saruji mbichi kwa vidole, na Abul akaandika lake, akafukuzwa. Akal alisimama ng'ambo na mbuzi wake, hakuvuka. Baada ya hapo aliendelea kuleta maziwa kwa Arek kama kawaida, ila aliyaleta kwenye kopo la plastiki. Elepit ya mama yake hakuitoa tena nje.

Thon alirudi darasani. Siku moja Wasike aliwaambia wanafunzi kwamba mhandisi Omollo, akipata wageni ofisini, huishusha ile chupa, huitikisa, na wageni hustaajabu. Darasa likamgeukia Thon na kumpigia makofi. Aliinama akaendelea kunakili.

Jioni alipotoka alikatiza nyuma ya kanisa, akapiga magoti palipokuwa na kisima, akafumba macho. Alitafuta maneno. Yote aliyokuwa nayo yalikuwa ya kisima, na kisima kilikuwa chini ya magoti yake, kigumu, bado kina joto la mchana.

Akasikia hatua. Arek alikuwa anarudi kutoka bomba la mbali. Alitua mtungi wake juu ya saruji ili apumzishe mkono, maana palikuwa pamesawazika, pazuri pa kutua mzigo. Alisugua kifundo kilichopinda, akamtazama mumewe aliyepiga magoti.

"Usiombe saa hizi, Baba Abul," alisema. "Niinulie tu."

Thon akasimama, akauinua mtungi, akamtwika kichwani. Ulikuwa mzito kuliko alivyokumbuka.